Kula ya Giaboksi Ilivyonila

Sisi mafundi wa gereji hatusemi kipozeo cha oili. Tunasema kula. "Kula inavuja." "Kula imeziba." "Leta kula ya Fuso." Mtu asiye wa kazi akitusikiliza pale Nyakato anaweza kudhani tuna njaa tangu asubuhi. Miaka 14 nililitamka neno hilo nikiwa chini ya malori bila kulifikiria, mpaka kula moja ya shaba, ndogo kuliko chupa ya soda, iliponila mimi mwenyewe. Ilinila usiku mzima ziwani, ikala seti ya diski, ikala na wiki 6 za boti kukaa nangani tunaitazama tu.

Boti yenyewe ni ya tanga, ya faiba, futi 36. Ililetwa Mwanza juu ya lori, imelazwa kwenye matairi chakavu kama mgonjwa. Mwenyewe ni mstaafu mmoja anayependa matanga kuliko kula (hii ya mdomoni), na huwapeleka wageni Ukerewe na kurudi. Chini ya ngazi ya kushukia chumbani kuna dizeli ya silinda nne, na nyuma yake giaboksi iliyoshikana na shafti ya propela. Watu huniuliza boti ya tanga inataka injini ya nini. Huwajibu kwamba waje saa 12 jioni wakae katikati ya ziwa, upepo wa mchana umeondoka na wa usiku haujafika, mbele kuna mawe ya Mwanza, halafu waniulize tena.

Tuko wawili kazini. Mwenzangu ni mzee wa kutoka Ukara aliyekulia kwenye mashua za tanga, enzi ambazo mashine za nyuma zilikuwa za wachache. Mimi namwita Babu. Yeye huniita "fundi" mambo yakienda sawa, na "mjukuu" nikiharibu. Mwaka wa kwanza nilikuwa mjukuu karibu kila siku.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ya kwanza, tena kwa kujiamini. Mzee mwenye boti alisema tubadilishe oili ya giaboksi. Nikamwaga ya zamani, nikajaza 90, oili nzito ya gia, ile ile tunayowawekea wenye malori. Gia si gia tu? Tulipowasha na kusukuma mkono wa gia mbele, kimya. Moja, mbili, tatu, nne, ndipo boti ikaruka kama punda aliyechapwa, tukanusurika kukwangua gati. Mzee hakufoka. Aliuliza tu, "Umeweka oili ya rangi gani?" Nikasema ya asali. Akafumba macho.

Kwenye lori klachi ni kavu na iko nje ya giaboksi. Oili ya ndani kazi yake ni kulainisha meno. Kwenye giaboksi ya boti kama hii hakuna pedeli. Klachi ni diski nyembamba zilizopangwa kama chapati kwenye hotipoti, seti moja ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma, na zote zinaoga ndani ya oili ile ile. Humo humo kuna pampu ndogo. Pampu inasukuma oili, presha ya oili inabana diski, diski zikibanana shafti inazunguka. Kwa hiyo oili moja inalainisha, inabana, na inabeba joto kulitoa nje. Ile 90 niliyoweka ilikuwa nzito mno kupenya kwenye vijitundu vyake, ndiyo maana tulihesabu mpaka nne. Kitabu cha giaboksi yetu kinataka oili nyekundu ya magari ya otomatiki, ile ambayo wauza vipuri wetu wanaiita ATF au haidroliki. Nilimwaga ile ya asali, nikasuuza mara mbili kwa nyekundu, nikalipa kutoka mfukoni mwangu. Na wewe usiondoke hapa ukaenda kuweka nyekundu kila mahali: giaboksi nyingi ndogo za Yanmar zinataka oili ya kawaida ya injini. Kibati kilichobandikwa ubavuni mwa giaboksi ndicho cha kusikilizwa, kama bado kinasomeka.

Kijiti cha kupimia oili nacho kilinichezea. Kina kizibo chenye nyuzi, kwa hiyo mimi nikawa nakifunga mpaka mwisho, nakichomoa, nasoma: oili imejaa, nafurahi. Kumbe kwenye giaboksi ile kijiti hupimiwa kikiwa kimewekwa tu juu ya tundu, hakifungwi. Ukikifunga kinazama zaidi, kinalowa zaidi, kinakudanganya kwamba oili ipo. Giaboksi yenyewe haibebi hata lita 2. Ukipunjwa vikombe viwili vya chai umepunjwa sehemu kubwa ya oili yote, na oili iliyobaki ndiyo ibebe joto lote.

Hilo joto ndilo lililonichukua muda kulielewa. Lori likipanda Sekenke giaboksi inachemka, lakini kuna kilele, na baada ya kilele kuna mteremko, na muda wote upepo wa barabara unaipuliza tumboni. Boti haina mteremko. Ukiwasha injini Nansio kule Ukerewe mpaka Mwanza ni mlima mmoja wa saa kadhaa, propela inasukuma maji bila kupumzika, na giaboksi imefungiwa kwenye sanduku la mbao pamoja na injini inayochemka. Hakuna upepo humo. Upepo wake ni maji.

Maji yanaingia kwa valvu chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mapezi, kisha, kwenye boti yetu, kituo cha kwanza ni kula ya giaboksi. Ndani ya kula kuna vijibomba vyembamba. Maji ya ziwa yanapita ndani yake, oili inapita nje yake, joto linahama. Baada ya hapo maji yanakwenda kupoza maji ya rejeta ya injini, na mwisho yanatemwa nje pamoja na moshi. Nimesema kituo cha kwanza. Shika hilo.

Ziwa letu halina chumvi, na hiyo ni neema. Wenzetu wa Tanga na Unguja kula zao huliwa na chumvi. Hata vile vipande vya madini vinavyowekwa chini ya boti ili viliwe badala ya shafti na propela, kule baharini hutumia zinki, huku maji baridi zinki inalala tu, inataka magnesiamu. Lakini neema ya maji yasiyo na chumvi inakuja na uvuguvugu wake. Ukizamisha mkono mchana pale Capri Point ni kama maji ya mtoto kuogea, nyuzi 25 hivi. Mzee anasema boti yake hii hii ilipokuwa Ulaya ilipozwa na maji ya nyuzi 10 na kitu. Nikamwambia basi tusubiri maji yachemke ndipo tuogope, tuko mbali na 100. Akacheka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 96. Hata hiyo 100 niliyokuwa naitegemea haipo Mwanza.

Sasa magugu maji. Babu anakumbuka yalipoingia ziwani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na jinsi watu walivyoyashangilia maua yake ya zambarau kabla hayajafunga mialo ya wavuvi. Baadaye waliachiwa fukusi wanaoyala, yakapungua, lakini hayakuisha. Mwanzoni mwa 2025 magugu yaliziba pale Kigongo–Busisi mpaka feri zikawa zinahangaika kupita. Kwa sisi wenye valvu chini ya boti, gugu zima halina shida, linaonekana. Shida ni ndevu za mizizi zilizokatikakatika na kuelea chini ya uso wa maji, pamoja na magamba ya dagaa ukiwa karibu na mwalo wa Kirumba, pamoja na mifuko.

Siku moja tulikuwa tunatoka, asubuhi, hatujafika hata jiwe la Bismarck. Babu alikuwa kwenye usukani akasema, "Fundi, sauti imekauka." Mimi sikusikia tofauti. Yeye hajui injini, lakini anajua maji, na alizoea ule mlio wa kutema-tema nyuma, puf-shwaa, puf-shwaa. Sasa ilikuwa puf, puf, puf. Nikainama tezini, nyuma ya boti: moshi unatoka, maji hayatoki. Nikazima mara moja, tukatupa nanga.

Chujio lilikuwa limejaa mizizi kama nywele kwenye bomba la saluni. Nikasafisha, nikafungua pampu. Impela ya mpira hulainishwa na maji yale yale inayoyavuta. Ikizunguka kavu inajiunguza, na haichukui muda. Yetu ilikuwa na mapezi 6. Nilipoitoa yalikuwa 4, mawili yamekatika kwenye shina. Nilikuwa na impela ya akiba (hilo angalau nililifanya vizuri), nikaipaka sabuni ya maji, nikaisukuma ndani, nikafunga. Tukawasha. Puf-shwaa. Nikajifuta mikono kwa mbwembwe kabisa.

Babu aliichukua ile impela mbovu akaigeuza kiganjani. "Haya mawili yameenda wapi?"

"Yametoka na maji, Babu."

"Uliyaona yakitoka?"

Nikamwambia bomba ni pana, yatakuwa yametoka. Hakubishana. Aliiweka impela kwenye droo ya chati, akarudi kwenye usukani.

Zikapita kama wiki tano. Boti inakwenda, maji yanatoka, mshale wa joto la injini uko pale pale, au nilijiambia uko pale pale. Ulikuwa umepanda upana wa kucha. Lile ni kosa ambalo sijajisamehe, kwa sababu kwenye lori ningeliona. Nilikuwa na mazoea kwamba mshale ukiwa nje ya wekundu hakuna kesi. Na mshale ule unapima injini. Giaboksi haina mshale. Hakuna taa, hakuna king'ora, hakuna kitu chochote kwenye dashibodi kinachomwambia dereva kwamba huko nyuma kuna oili inaungua.

Tuliondoka Nansio saa 9 alasiri na wageni wanne. Upepo wa ziwani ulikuwa nyuma yetu, tanga zote juu, injini imezimwa, safari tamu ya kusinzia. Saa 12 upepo ukafa kama mtu aliyeufunga bomba. Tukashusha tanga la mbele, nikawasha, nikasukuma mkono, tukaendelea. Nikaongeza moto kidogo kwa sababu wageni walikuwa na basi la asubuhi.

Kama saa 1 na robo usiku, taa za uwanja wa ndege zikiwa mbele kushoto, nikasikia harufu. Kila fundi wa malori anaijua harufu ya klachi. Lakini nikajiambia boti haina klachi ya namna ile, itakuwa moshi wa kwenye mwalo. Dakika chache baadaye injini ikapandisha sauti yenyewe, kama imetua mzigo, na boti ikapunguza mwendo. Nikaongeza moto: sauti ikapanda zaidi, boti ikazidi kulegea. Babu akaniangalia. "Mjukuu."

Nikafungua sanduku. Joto lililotoka lilinirudisha nyuma. Nilipogusa kwa nyuma ya mkono ubavu wa giaboksi niliutoa kabla sijaamua kuutoa. Tukazima, tukaelea saa nzima. Tukawasha tena: ikashika vizuri, tukashangilia, dakika kumi, ikaachia tena. Hapo ndipo nilipoelewa kinachotokea, ingawa sikujua chanzo. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji. Ikiwa nyepesi presha inashuka. Presha ikishuka diski zinateleza. Diski zikiteleza zinasuguana, na msuguano ni joto jingine, linaloifanya oili iwe nyepesi zaidi. Ukiongeza moto wa injini, kama nilivyofanya, unaongeza kuni. Ikipoa inakudanganya imepona. Kila mara unayojaribu tena unakwangua diski kidogo, na mimi nilijaribu mara tatu kabla Babu hajaniwekea mkono begani akasema, "Iache ilale. Tuna tanga."

Shida ni kwamba ziwani upepo una zamu. Mchana unatoka majini kwenda nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda majini. Maana yake upepo pekee uliokuwepo usiku ule ulikuwa unatoka kule tunakotaka kwenda, puani kabisa. Babu hakuona tatizo. Tulibisha usiku kucha, kushoto, kulia, kushoto, kila zamu tunajipatia kipande kidogo cha safari. Ulikuwa usiku wa giza, usio na mwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametanda na taa zao, na ziwa lilionekana kama mji. Tulipita katikati yao kwa sauti, Babu anawapigia kelele kwa Kikara, wao wanamjibu kwa Kijita na Kisukuma, mmoja akauliza boti ya kizungu inafanya nini na tanga saa nane usiku. Babu akamjibu kwamba injini imekula sana. Wakacheka mpaka mbali. Wageni wetu walikuwa wanakoroma chini. Mmoja aliniambia asubuhi kwamba alishukuru tulivyozima injini ili walale.

Nilipomwaga oili ilikuwa nyeusi, inanuka kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Nilishukuru jambo moja, haikuwa rangi ya chai ya maziwa. Niliwahi kuitwa kuangalia boti ya mizigo ambayo oili yake ilikuwa chai ya maziwa kabisa: kula yake ilitoboka ndani, maji ya ziwa yakaingia kwenye giaboksi, wakaitembeza hivyo siku mbili. Beringi zote zilikuwa zimepiga kutu. Ya kwetu ilikuwa imeungua tu, ikiwa kuungua kunaweza kuwa "tu".

Kisha nikafungua kula. Nilitoa mpira wa upande wa kuingilia maji, nikamulika na tochi ya simu, na yale mapezi mawili yalikuwa yananiangalia. Moja limelala bapa juu ya midomo ya vijibomba, la pili limesimama ubavu, na nyuma yake ndevu za magugu na magamba ya dagaa zimejisuka kama kiota. Maji yalikuwa yanapita, ndiyo, ndiyo maana mlio wa nyuma ulikuwepo. Yalipita kwenye vijibomba vichache vilivyobaki wazi. Injini ilivumilia kwa sababu ina maji yake ya ndani na thamostati ya kuirekebisha. Giaboksi yenye lita 2 zisizotimia haikuwa na cha kuvumilia nacho. Ile impela mbovu ilikuwa bado kwenye droo ya chati. Nikachukua vipande viwili nikavipachika kwenye mashina yaliyokatika, vikakaa kama meno ya bandia. Babu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema lolote, na heri angesema.

Kula niliipima kama ninavyoziba panchari ya baiskeli: nikaziba matundu ya upande mmoja, nikafunga mpira upande wa pili, nikaizamisha kwenye ndoo na kupuliza kwa pampu ya mkono, taratibu, kwa sababu ukipuliza kwa kompresa ya gereji unaweza kuitoboa wewe mwenyewe. Hakuna povu. Ilikuwa nzima. Diski za kwenda mbele ndizo zilizokuwa zimekwisha, na sahani za chuma zilizo katikati zimegeuka rangi ya bluu kama petroli juu ya maji. Za kurudi nyuma zilikuwa safi kabisa. Kwa muda tulifikiria kuitembeza boti kinyumenyume mpaka vipuri vije.

Wakati nasubiri vipuri nikagundua dhambi ya pili. Waya wa gia, unaotoka kwenye mkono wa dereva mpaka kwenye giaboksi, nilikuwa nimeukaza mimi mwenyewe miezi mitatu nyuma. Nilipomwambia Babu asukume mkono mbele mpaka mwisho, mimi nikiwa chini natazama, kile kijimkono cha kwenye giaboksi hakikufika mwisho wake. Kilibaki upana wa kidole. Kwenye giaboksi ya presha kijimkono kile kinafungua njia ya oili. Kisipofika mwisho njia inafunguka nusu, diski zinabanwa nusu. Huenda tungefika Mwanza usiku ule na kula iliyoziba kama waya ungekuwa sawa. Huenda waya mbovu usingetuumiza kama kula ingekuwa safi. Yote mawili yalikuwa yangu. Sasa kila nikigusa waya, nauchomoa kwanza, nasukuma kijimkono kwa vidole mpaka kigonge mwisho, naweka alama ya rangi ya kucha, ndipo narudisha waya na kuangalia kama dereva anaifikia alama. Rangi ya kucha niliichukua kwa mke wangu, nyekundu, na tumeshagombana juu yake mara mbili.

Kuna swali ambalo wenye boti za tanga huulizana sana, na mimi nalo lilinisumbua baada ya hapo: tukiwa na tanga, injini imezimwa, maji yanaizungusha propela, shafti inazunguka na giaboksi ndani yake inazunguka, wakati maji ya kupoza hayatembei. Je, hiyo nayo haipiki oili? Nilisoma vitabu viwili nikachanganyikiwa. Yanmar kwa giaboksi zao ndogo wanataka mkono uachwe fri ukiwa na tanga. Hurth, ambao baadaye walichukuliwa na ZF, kwa zile za kwao zisizo na pampu, wanaruhusu fri, na wanaruhusu kuweka rivasi ili shafti isimame, lakini wanakataza kabisa kuweka mbele. Ya kwetu ni ya presha, kwa hiyo injini ikizimwa mkono uwe popote diski hazibanwi, shafti itazunguka tu, na kitabu chake kinasema iachwe. Joto lake ni dogo, hakuna mzigo. Nimegusa mara nyingi baada ya saa tatu za tanga, ni vuguvugu la kawaida. Babu anaupenda ule mlio wa shafti, anasema ndio unaomwambia mwendo bila kuangalia kitu.

Kugusa kwenyewe nako nilijaribu kukuacha. Nilinunua kile kipimajoto cha bunduki tulichokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Korona, nilikipata kwa bei ya kutupa. Nikakielekeza kwenye giaboksi kikaandika "Hi". Nikadhani kinanisalimia. Kumbe vile ni vya binadamu, ukizidi homa kidogo tu kinakata tamaa. Baadaye Mzee aliagiza cha mafundi. Sasa kila nusu saa ya injini mmoja wetu anafungua sanduku, anapima ubavu wa giaboksi, mpira wa maji unaoingia kwenye kula na unaotoka. Naandika kwa penseli kwenye mbao ya ndani ya kifuniko. Siku ya kawaida giaboksi yetu inatulia kwenye 60 na kitu. Ikipita 75 napunguza moto na kutafuta sababu, sisubiri harufu. Na mkono bado nautumia, kwa sababu betri za kipimajoto huisha na mkono hauishi.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kubadilisha impela. Hatusubiri tena ikatike, tunabadilisha kila mwaka kabla ya kusi la Juni halijaanza kupiga. Nikaitoa, Babu akiwa juu anakoroga chai.

"Hesabu," akasema, bila kugeuka.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano."

Kijiko kikasimama.

"Tano, Babu."

Akashusha kikombe, akaja na tochi. Tukafungua mpira wa kula, tukamulika. Lilikuwepo, limelala bapa mdomoni, jeusi, dogo kama mbegu ya embe iliyokauka. Nikalitoa kwa koleo nikampa. Akalitia mfukoni mwa shati, akarudi kwenye chai yake.